Sheria za lugha moja: kisa cha Manitoba na swali la nani anaweza kuiondoa lugha katika katiba

Tarehe 13 Juni 1985 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitamka mambo mawili ambayo kwa kawaida hayapikiki chungu kimoja. Ilisema kwamba sheria za jimbo la Manitoba zilizotungwa, kupigwa chapa na kutangazwa kwa Kiingereza peke yake ni batili, na zimekuwa batili tangu siku zilipopitishwa, jambo lililogusa karibu kila sheria ya jimbo hilo tangu mwaka 1890. Papo hapo ikasema kwamba sheria hizo hizo zitaendelea kuwabana wananchi, mahakama na serikali kana kwamba ni halali, mpaka muda wa chini kabisa unaohitajika kuzitafsiri na kuzitunga upya kwa lugha mbili utakapokwisha. Wanafunzi wa sheria ya katiba huukumbuka uamuzi huo kwa nusu yake ya pili. Uchambuzi huu utaifikia nusu hiyo, lakini unaanza na swali lililo chini yake, ambalo naliona kuwa zito zaidi: katika nchi ya shirikisho, lugha ikishatajwa katika katiba, ni chombo gani chenye mamlaka ya kuiondoa, na kikiiondoa bila mamlaka, nani atakizuia?

Katiba ya Kanada ya 1867 iligawa madaraka ya kutunga sheria kwa orodha. Kifungu cha 91 kinalipa Bunge la shirikisho mambo kama ulinzi, sarafu, benki na sheria ya jinai, pamoja na mamlaka ya jumla juu ya mambo ambayo hayakukabidhiwa majimbo. Kifungu cha 92 kinayapa majimbo mali na haki za kiraia, serikali za mitaa, uendeshaji wa haki ndani ya jimbo, na mengineyo. Mtu akizisoma orodha hizo kutoka mwanzo hadi mwisho, hataikuta lugha. Kwa sababu hiyo mahakama zimeshikilia kwamba lugha si eneo linalojitegemea la kutungiwa sheria. Hufuata mamlaka nyingine na kuingia pale mamlaka hiyo inapoishia. Katika shauri la Jones la mwaka 1974, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba Bunge la shirikisho linaweza kuweka sheria ya lugha kwa taasisi zake lenyewe, na kwamba jimbo la New Brunswick linaweza kufanya hivyo kwa mahakama zake kwa kutumia mamlaka yake ya kuendesha haki. Katika shauri la Devine la mwaka 1988, msimamo huo ulirudiwa kuhusu lugha ya biashara huko Quebec: anayesimamia biashara ndani ya jimbo ndiye anayeweza kutunga kanuni za lugha ya biashara hiyo.

India ilipita njia tofauti. Katiba yake ina Jedwali la Saba linalogawa madaraka kwa orodha tatu, Jedwali la Nane linalotaja lugha 22, na sehemu nzima inayoeleza lugha rasmi za Muungano, za majimbo na za mahakama za juu. Kanada haina jedwali la namna hiyo. Ilichokuwa nacho mwaka 1867 ni kifungu kimoja, cha 133, kinachoruhusu mtu yeyote kutumia Kiingereza au Kifaransa katika mijadala ya Bunge la shirikisho na ya Bunge la Quebec, na katika mashauri ya mahakama za shirikisho na za Quebec. Kinaamuru pia kumbukumbu za mabunge hayo ziwekwe kwa lugha zote mbili. Na kinaamuru sheria za mabunge hayo zipigwe chapa na kutangazwa kwa lugha zote mbili. Majimbo mengine matatu ya mwanzo hayakuguswa. Kifungu hicho kiliweka sakafu: bunge linaweza kuongeza haki za lugha juu yake kwa kadiri ya madaraka liliyonayo, lakini haliwezi kuchimba chini yake.

Manitoba iliingia katika shirikisho mwaka 1870, na haikuingia kimyakimya. Ardhi kubwa iliyokuwa chini ya Kampuni ya Hudson's Bay ilikuwa inahamishiwa Kanada bila wakazi wake kuulizwa. Watu wa Mto Mwekundu, makazi yaliyokuja kuwa kiini cha Manitoba, ambao wengi wao walikuwa Wamétis, wazao wa ndoa za wenyeji wa asili na wafanyabiashara wa manyoya kutoka Ulaya, waliunda serikali ya muda iliyokuja kuongozwa na Louis Riel, wakapeleka wajumbe Ottawa, makao ya serikali ya shirikisho, wakiwa na orodha ya madai. Miongoni mwa madai hayo ni kwamba Kiingereza na Kifaransa vitumike bungeni na mahakamani, na kwamba sheria zitangazwe kwa lugha zote mbili. Wakati huo wakazi walikuwa takriban 12,000, na wasemaji wa Kifaransa walizidi nusu kidogo. Matokeo yake yalikuwa Sheria ya Manitoba, iliyoidhinishwa tarehe 12 Mei 1870, ambayo kifungu chake cha 23 kinaliwekea Bunge la Manitoba na mahakama zake karibu maneno yale yale ambayo kifungu cha 133 kiliiwekea Quebec.

Kuna hatua moja ya kisheria ambayo wasomaji wa kisa hiki huipita haraka, na ndiyo msingi wa yote yaliyofuata. Sheria ya Manitoba ilikuwa sheria ya Bunge la Kanada, na kwa kawaida bunge lililotunga sheria linaweza kuifuta. Palikuwa pia na shaka kama Bunge la Kanada lilikuwa na mamlaka ya kuunda jimbo jipya. Kwa hiyo mwaka 1871 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoithibitisha Sheria ya Manitoba na kutamka kwamba Bunge la Kanada halitakuwa na uwezo wa kubadili masharti yake. Tangu siku hiyo Ottawa ilikuwa imefungwa mikono. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: je, Winnipeg, mji mkuu wa jimbo, nayo ilikuwa imefungwa?

Katika miaka 20 iliyofuata wahamiaji kutoka Ontario na kwingineko walimiminika, na wasemaji wa Kifaransa wakawa wachache. Mwaka 1890 serikali ya Waziri Mkuu wa jimbo, Thomas Greenway, ilichukua hatua mbili kwa pamoja: iliondoa mfumo wa shule za madhehebu uliokuwa ukigharimiwa na umma, na ikapitisha Sheria ya Lugha Rasmi. Sheria hii ya pili ilikuwa fupi mno. Ilisema kwamba Kiingereza peke yake ndicho kitakachotumika katika kumbukumbu za Bunge na katika hati za mahakama, na kwamba sheria za jimbo zitatosha kupigwa chapa kwa Kiingereza. Kisha ikaongeza sharti linalostahili kusomwa mara mbili: kwamba sheria hiyo itatumika kwa kadiri tu ambayo Bunge la jimbo lina mamlaka ya kuamuru hivyo. Mtunga sheria anayeandika sharti kama hilo anajua kwamba mlango anaousukuma huenda umefungwa. Sitaki kusoma nia za watu wa mwaka 1890 kupita kiasi, lakini ni vigumu kuamini kwamba waandishi wa maneno hayo walikuwa hawajakisoma kifungu cha 23.

Hoja ya serikali ilitegemea kifungu cha 92, fungu la kwanza, ambalo wakati huo lililipa kila jimbo mamlaka ya kurekebisha katiba yake lenyewe, isipokuwa katika yahusuyo ofisi ya Luteni Gavana, mwakilishi wa Taji la Uingereza katika jimbo. Hoja ilikuwa kwamba lugha ya Bunge la jimbo ni sehemu ya katiba ya jimbo, na kwa hiyo jimbo linaweza kuibadili. Kwa sura ya maneno hoja hiyo ilikuwa na uzito, na ndiyo maana ninashangaa kwamba karibu karne nzima ilipita bila kupimwa kikamilifu mbele ya mahakama ya juu kabisa.

Si kwamba hakuna aliyeipima. Mwaka 1892, katika shauri la Pellant dhidi ya Hebert, jaji wa Mahakama ya Kaunti ya St. Boniface, Prud'homme, aliamua kwamba Sheria ya Lugha Rasmi ilikuwa nje ya mamlaka ya Bunge la jimbo. Mwaka 1909, katika shauri la Bertrand dhidi ya Dussault, alirudia uamuzi huo huo. Serikali haikukata rufaa, haikubadili sheria, na haikuacha kutunga sheria kwa Kiingereza peke yake. Uamuzi wa mahakama ya ngazi ya chini hauzibani mahakama nyingine, na aliyeshindwa akikaa kimya bila kukata rufaa, uamuzi hauendi juu ambako ungepata nguvu ya kuwabana wote. Ukimya wa serikali kwa hiyo ulikuwa na faida kuliko rufaa. Serikali ya shirikisho nayo ilikuwa na mamlaka ya kikatiba ya kuitengua sheria ya jimbo ndani ya muda uliowekwa, lakini haikuyatumia dhidi ya sheria hii. Macho ya nchi nzima yalikuwa kwenye ugomvi wa shule, uliofika mpaka Baraza la Faragha huko London, wakati huo mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Kanada, mwaka 1892 na tena mwaka 1895, na lugha ikafunikwa na vumbi la ugomvi huo.

Aliyeufungua mlango alikuwa Georges Forest, mkazi wa St. Boniface, eneo la wasemaji wa Kifaransa lililounganishwa na jiji la Winnipeg mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katikati ya muongo huo alipewa karatasi ya faini ya maegesho iliyoandikwa kwa Kiingereza peke yake. Alipopeleka hati zake za rufaa kwa Kifaransa, upande wa mashtaka ulipinga kwamba Sheria ya Lugha Rasmi ya 1890 hairuhusu hati hizo. Mwaka 1976 Jaji Dureault wa Mahakama ya Kaunti alilikataa pingamizi hilo na kusema, kwa mara ya tatu katika historia ya sheria hiyo, kwamba ilikuwa batili. Serikali ya jimbo ilieleza kwamba haiukubali uamuzi huo, lakini haikukata rufaa, ikifuata mwendo ule ule wa 1892 na 1909.

Tofauti ilikuwa kwamba Forest hakuridhika kushinda kesi ya maegesho. Alifungua ombi la tamko la mahakama, akakataliwa katika ngazi ya kwanza kwa hoja ya kutokuwa na haki ya kusimama na dai hilo, akashinda katika Mahakama ya Rufani ya jimbo mwaka 1979, na tarehe 13 Desemba 1979 Mahakama ya Juu ikathibitisha ushindi wake. Siku hiyo hiyo Mahakama hiyo iliamua shauri la Blaikie, ambamo sehemu ya Mkataba wa Lugha ya Kifaransa wa Quebec, iliyofanya Kifaransa kuwa lugha pekee ya sheria na ya mahakama, ilibatilishwa kwa sababu ya kifungu cha 133. Hoja iliyoziunganisha kesi hizo mbili ndiyo jibu la swali la mwanzo. Kifungu cha lugha, Mahakama ilisema, hakimo ndani ya katiba ya jimbo kwa maana ya kifungu cha 92. Ni sehemu ya makubaliano ya shirikisho yenyewe, na jimbo haliwezi kuyarekebisha peke yake. Wachache wa Kiingereza huko Quebec na wachache wa Kifaransa huko Manitoba walilindwa kwa pumzi moja. Sidhani kama hukumu yoyote kati ya hizo mbili ingekubalika kwa urahisi kama ingetolewa bila mwenzake.

Quebec ilijibu haraka sana, kwa sheria iliyozitunga upya sheria zake katika lugha zote mbili. Iliweza kwa sababu ilikuwa imeendelea kuwa na matini za Kiingereza. Manitoba haikuwa na matini za Kifaransa za kutoa kabatini. Mwaka 1980 ilipitisha sheria ya kueleza namna kifungu cha 23 kitakavyotekelezwa, na miaka mitano baadaye Mahakama ya Juu ikasema kwamba kama sheria hiyo yenyewe haikutungwa kwa lugha mbili ni batili yote, na hata kama ilitungwa hivyo, vifungu vyake vya 1 hadi 5 vinapingana na kifungu cha 23. Miongoni mwa kasoro zake ni kwamba ilifikiria tafsiri zitakazofuata baada ya sheria kupitishwa, wakati Blaikie ilikuwa imeeleza kwamba sharti la kupiga chapa na kutangaza kwa lugha mbili linabeba sharti la kutunga kwa lugha mbili kwa wakati mmoja, na matini zote mbili ziwe na nguvu sawa.

Hapo akaingia Roger Bilodeau, aliyeshtakiwa mwaka 1980 kwa mwendo wa kasi. Hoja yake ilikuwa ya moja kwa moja: sheria ya barabarani anayoshtakiwa nayo ilitungwa kwa Kiingereza peke yake, kwa hiyo si sheria. Mahakama ya Rufani ya Manitoba ilimkatalia kwa wingi wa kura, ikisema kwamba kifungu cha 23 ni cha kuelekeza tu, na kukiuka maelekezo hakubatilishi sheria iliyotungwa. Rufaa yake kwenda Mahakama ya Juu iliiweka serikali ya jimbo mahali pagumu, kwa kuwa akishinda, jimbo zima lingebaki bila sheria.

Serikali ya Waziri Mkuu wa jimbo, Howard Pawley, ilijaribu kuiepuka hatari hiyo kwa mazungumzo. Mwaka 1983 ilifikia makubaliano na chama cha wasemaji wa Kifaransa cha Manitoba pamoja na serikali ya shirikisho: katiba irekebishwe ili jimbo litafsiri sheria zinazotumika badala ya zote zilizopitishwa tangu 1890, na kwa upande wake litoe huduma za serikali kwa Kifaransa. Njia ya kufanya hivyo ilikuwepo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 1982 kinaruhusu marekebisho yanayohusu matumizi ya Kiingereza au Kifaransa ndani ya jimbo, kwa maazimio ya Bunge la shirikisho na ya Bunge la jimbo husika. Huu ndio ufunguo ambao serikali ya 1890 haikuwa nao, na masharti yake yanaonyesha kilichobadilika: lugha inaweza kurekebishwa, ila kwa funguo mbili zinazogeuzwa pamoja.

Ufunguo wa Winnipeg haukugeuka. Wapinzani wa Chama cha Maendeleo cha Kihafidhina waliondoka ukumbini na kuziacha zikilia kengele za kuwaita wabunge kupiga kura, hivyo kura yenyewe haikuweza kupigwa. Kura za maoni zilizofanywa katika miji mwezi Oktoba 1983, Winnipeg ikiwemo, zilionyesha wapinzani wengi mno. Ofisi ya chama cha wasemaji wa Kifaransa ilikuwa imechomwa moto mwaka huo huo. Mwezi Februari 1984 kikao cha Bunge kilifungwa na pendekezo likafa. Baada ya hapo serikali ya shirikisho iliomba ushauri wa Mahakama ya Juu kwa maswali manne, ambayo kiini chake ni: je, masharti ya lugha ni ya lazima, na kama ni ya lazima, sheria zilizoyakiuka ni nini?

Jibu la swali la kwanza lilikuwa la wazi, na Mahakama ililitoa kwa sauti moja bila kumtaja jaji mwandishi. Kifungu cha 23 kinatofautisha anachoruhusiwa mtu, yaani kutumia lugha moja kati ya mbili, na linaloamriwa Bunge, yaani kutumia zote mbili. Amri ya katiba haiwezi kugeuzwa kuwa ombi kwa sababu tu imekuwa ikipuuzwa. Ile nadharia ya masharti ya kuelekeza, Mahakama ilisema, haina nafasi pale ambapo sharti linalokiukwa ni la katiba. Naona hapa ndipo hukumu ilipo imara kabisa, kwa kuwa kama Mahakama ya Rufani ya Manitoba ingeachwa na msimamo wake, miaka 95 ya kukiuka katiba ingekuwa ndiyo sababu ya kuhalalisha ukiukaji huo.

Jibu hilo likazaa tatizo. Bunge lenyewe la Manitoba lilikuwa limechaguliwa kwa sheria batili, mahakama za jimbo, halmashauri na bodi za shule zilikaa juu ya sheria batili, na kila haki iliyotokana na sheria hizo ilining'inia hewani. Isitoshe, Bunge hilo ndilo lililotakiwa kurekebisha kosa. Mahakama ilichunguza kwanza vifaa vya kawaida. Kanuni ya mamlaka ya kivitendo, inayolinda vitendo vya afisa aliyeonekana na umma kuwa na cheo halali, ingeokoa baadhi ya vitendo vilivyokwisha kufanyika; mashauri yaliyokwisha kuamuliwa nayo yangelindwa na kanuni inayozuia kesi iliyokwisha kurudi mahakamani. Hakuna kati ya kanuni hizo iliyoweza kuokoa sheria zenyewe, wala kulipa jimbo sheria ya kesho asubuhi.

Ndipo Mahakama ikaegemea utawala wa sheria, unaotajwa katika utangulizi wa Mkataba wa Haki wa 1982 na unaobebwa na muundo mzima wa katiba. Utawala wa sheria unadai mambo mawili: serikali iwe chini ya sheria, na pawepo na sheria. Dai la kwanza linazibatilisha sheria za Manitoba. La pili linakataza kuliacha jimbo tupu. Ili kuonyesha kwamba mahakama nyingine zimewahi kuubeba mzigo wa namna hii, ilitazama nje. Ilitazama Pakistan ya mwaka 1955, ambako sheria zilizopitishwa na Bunge la Katiba bila idhini ya Gavana Mkuu ziligunduliwa kuwa batili kwa wingi, na Mahakama ya Shirikisho ikakubali zitumike kwa muda mpaka chombo halali kizithibitishe. Ilitazama pia Saiprasi ya mwaka 1964, ambako mgawanyiko wa jamii mbili ulikuwa umekwamisha taasisi za katiba, na mahakama ikaitambua sheria iliyopitishwa kwa sababu ya ulazima. Na ilitazama Rhodesia baada ya walowezi kujitangazia uhuru mwaka 1965, ambako swali lilikuwa kama amri za utawala haramu zinaweza kutambuliwa kwa mambo ya maisha ya kila siku.

Mifano hiyo hailingani na Manitoba sawasawa, na Mahakama ilikiri hivyo. Huko kwingine dharura ilitoka nje ya chombo kilichohitaji kuokolewa, au palikuwa na mapinduzi. Huko Manitoba dharura ilitengenezwa na Bunge lenyewe, wakati wa amani, kwa hiari yake. Ndiyo maana mpaka ulichorwa kwa ukali. Sheria mpya itakayotungwa kwa lugha moja baada ya tarehe ya hukumu haitapata hifadhi yoyote. Hifadhi ni ya zile za zamani tu, na ni ya muda. Kwa amri ya tarehe 4 Novemba 1985, iliyotokana na makubaliano ya wahusika, sheria na kanuni zinazotumika pamoja na kanuni za mahakama na mabaraza zilipewa mpaka 31 Desemba 1988, na nyingine zote mpaka 31 Desemba 1990. Mahakama ilikataa pia pendekezo la kuacha mambo mpaka wanasiasa wakubaliane juu ya marekebisho ya katiba, na baada ya kengele za 1984 sidhani kama ilihitaji kueleza kwa nini.

Kasoro ninayoiona iko mahali pengine. Gharama ya kuchelewa haikugawanywa. Jimbo lilipewa muda, sheria zikapewa uhai, lakini aliyeleta kesi hakupewa kitu. Tarehe 1 Mei 1986 rufaa ya Bilodeau ilitupwa: sheria ya barabarani iliyomtia hatiani ilikuwa batili, ila ilihesabiwa kuwa halali kwa muda, na kwa hiyo faini yake ikabaki. Hata hoja yake ya pili, kwamba hati ya wito ilikuwa ya Kiingereza tu, ilishindwa, kwa kuwa kifungu cha 23 kinampa uhuru wa kuchagua lugha kila anayeandika hati ya mahakama, na mahakama inayotoa hati ni mmoja wa wenye uhuru huo. Haki hiyo ni ya msemaji. Mpokeaji hana lake. Wengi wanaosifu ukarimu wa uamuzi wa 1985 hawafiki kwenye ukurasa huu. (Bilodeau mwenyewe alisomea sheria na baadaye akawa Msajili wa Mahakama hiyo hiyo ya Juu iliyomtupia rufaa.) Mwaka 1992 Mahakama ilirudi tena kwenye suala hili, ikaeleza kwamba amri za baraza la mawaziri nazo zinabanwa na kifungu cha 23 pale zinapokuwa na sura ya kutunga sheria, jambo linaloonyesha jinsi kazi ilivyobaki hata baada ya tarehe zote kupita.

Ili kuona kwamba kilichoamua kisa cha Manitoba kilikuwa mamlaka ya kurekebisha, na si maneno ya kifungu, inatosha kuvuka mpaka wa magharibi. Saskatchewan na Alberta ziliundwa mwaka 1905 kutoka Wilaya za Kaskazini-Magharibi, ambazo sheria yake ilikuwa na kifungu cha 110 chenye masharti ya lugha yanayofanana sana na ya Manitoba. Katika shauri la Mercure la mwaka 1988, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kifungu hicho kilikuwa bado hai Saskatchewan na kwamba sheria za jimbo zilizotungwa kwa Kiingereza tu zilikuwa na dosari ile ile. Lakini kifungu cha 110 hakikuwahi kufungwa na sheria kama ile ya 1871. Kilikuwa ndani ya mamlaka ya jimbo kukifuta, ilimradi sheria ya kukifuta itungwe kwa lugha mbili. Mwaka huo huo Saskatchewan ilifanya hivyo, na Alberta ikafuata: kila moja ilipitisha, kwa Kiingereza na Kifaransa, sheria iliyohalalisha sheria zake za nyuma za lugha moja.

Alberta ilijaribiwa tena katika shauri la Caron, lililoamuliwa mwaka 2015 na ambalo nalo lilianza na kosa la barabarani. Hoja ilikuwa kwamba Kanada ilipoichukua ardhi yote ya magharibi iliahidi kuheshimu haki za kisheria za wakazi wake, na kwamba lugha ya sheria ilikuwa mojawapo. Majaji sita kati ya tisa walikataa. Walisema kwamba watu wa Mto Mwekundu walijua namna ya kudai lugha kwa maneno yaliyo wazi, na waliipata kwa maneno yaliyo wazi katika Sheria ya Manitoba. Amri ya 1870 iliyoiingiza ardhi iliyobaki katika Kanada haikuitaja. Majaji watatu waliopinga waliisoma ahadi hiyo kama sehemu ya makubaliano mamoja ya kihistoria, yasiyokatwa vipande kwa mpaka wa jimbo ambao wakati huo ulikuwa umechorwa juzi tu. Kwa upande wa historia naona watatu hao wana nguvu zaidi. Kwa upande wa mgawanyo wa madaraka, wale sita walikuwa na hoja ambayo wenzao hawakuijibu kikamilifu: kwamba sharti linaloondoa mamlaka ya bunge lililochaguliwa halisomwi katika ahadi ya jumla, ikiwa mwaka huo huo watu wale wale waliliandika waziwazi mahali pengine.